Binti Aliyekiomba Kiti Radhi

Jumatatu, 6 Oktoba

Daktari amesema presha yangu haitashuka kwa vidonge peke yake, lazima nipunguze kugombana. Mdogo wangu, ambaye ni mchungaji na anapenda kutatua matatizo ya watu kabla hawajamaliza kuyaeleza, akaninunulia daftari hili. "Dada, hasira zako zimalizie humu," akasema. Haya. La kwanza: daftari lenyewe lina picha ya paka kwenye jalada. Mimi na umri huu.

Mvua imeanza leo alasiri. Paa la kanisa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, yaani juu ya kinanda. Tumekifunika kwa plastiki.

Jumanne, 7 Oktoba

Kwaya ya mabinti leo. Nyumba yao iko nyuma ya kanisa, imeshikana na jiko. Wako kumi na mmoja, na wameletwa hapa kwa sababu walikotoka hawakuwa salama. Zaidi ya hapo siandiki, maana waliyoyapitia si yangu. Matroni anawalea, mdogo wangu anawaombea na kuwafundisha Neno, mshauri anakuja kila Jumatano kuzungumza nao mmoja mmoja, na mimi nawafundisha kuimba. Wananiita Mama Kwaya.

Kuna mmoja mrefu, mdomo haufungi, anaitwa Dereva kwa sababu hata foleni ya chai anaiendesha yeye. Leo ameniuliza kwa nini wimbo wa furaha naufundisha nikiwa nimenuna. Nimemtoa nje.

Halafu kuna mgeni, mwembamba, ana kama miaka kumi na minne. Alijigonga kwenye kiti akipita, akakigeukia kiti akakiambia, "Samahani." Kiti! Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega, na jina likamkaa hapohapo: Samahani. Hakukasirika. Nilimwambia Matroni kwamba adabu kama hii siku hizi haipatikani.

"Huyu amepona kabisa," Matroni akasema. "Ningekuwa nao wote kama yeye, ningelala mchana."

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua. Hakuna mazoezi. Nimeoka mkate, umeungua chini.

Jumanne, 14 Oktoba

Kinanda kimekufa. Plastiki iliteleza usiku, kikanywa maji mpaka kikashiba. Fundi redio alikifungua, akamwaga maji kwenye ndoo, akatikisa kichwa. Nilisema maneno fulani ambayo mdogo wangu alijifanya hakuyasikia.

Tumehamia chumba cha kufulia nguo. Hakivuji, kuta zake ni za saruji tupu, na sauti inazunguka vizuri kuliko hata kanisani. Tunaimba katikati ya mashuka yaliyotundikwa. Shida ni moja: bila kinanda lazima awepo mtu wa kutoa sauti, aimbe noti ya kwanza peke yake ili wengine waishike. Nilitoa mimi. Sauti yangu siku hizi inafuata hali ya hewa. Tulipofika ubeti wa tatu tulikuwa tumeshuka kiasi kwamba sauti ya tatu walikuwa wananguruma tu.

Ndipo nikamwona Samahani, amejificha nusu nyuma ya shuka. Kila tulipozidi kushuka alikuwa anakunja uso, kama mtu anayekanyaga kokoto.

"Unasikia tunashuka?" nikamwuliza.

"Samahani, Mama."

"Sijauliza hilo. Unasikia?"

"Ndiyo. Samahani."

Nikamwambia aimbe noti tuliyoanzia. Akaimba, kisauti kidogo, lakini kiko palepale. Nilimwimbisha tena baada ya wimbo mwingine, na tena baada ya Dereva kumpigia kelele sikioni kwa makusudi. Palepale. Nimerudi nyumbani nimelowa na nina furaha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemteua rasmi atoe sauti. Alisimama mbele, akasema, "Samahani," kisha akaimba noti. Kwaya nzima ikaingia kwa kunyata.

Nikawasimamisha. Nikamweleza kwamba anayetoa sauti akianza kwa kuomba radhi, wote nyuma yake wataimba kwa kuomba radhi, na huo wimbo ni wa kumsifu Mungu, si wa kumwomba atusamehe kwa kumsumbua. Nataka noti tu, bila neno mbele yake.

Akajaribu. Neno lilikuwa limefika kooni, nililiona linapanda na kushuka. Tukangoja. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mashuka.

"Mama, limekwama," Dereva akasema. "Mpige mgongoni."

Tukacheka wote, na yeye pia akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nimeyaona meno yake. Kisha noti ikatoka, bila chochote mbele yake.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeanza kuzisikiliza samahani zake. Anamwomba radhi Matroni kwa kumsalimia. Anaomba radhi akipiga chafya. Akipewa mkate anauomba radhi mkono uliompa. Leo mvua ilimkuta anaanua nguo, akaziambia nguo samahani.

Nimekaa nikafikiri, jambo ambalo Matroni anasema linanizeesha. Adabu inamwelekea mtu. Hii ya kwake inaelekea hadi ndoo. Huyu mtoto hawazidi wenzake adabu, huyu anaomba ruhusa ya kuwepo. Na sisi tulikuwa tunampigia makofi kwa hilo.

Halafu Dereva, ambaye mimi na Matroni tumekuwa tukimwombea atulie: alipokuja mwaka jana alikuwa anakula akiwa ameupa ukuta mgongo. Sasa anagombea kiti cha dirishani na kunifundisha namna ya kufundisha. Kumbe huyu mwenye kelele ndiye aliyepona, tena mbele ya macho yetu, na malipo yake nikawa namtoa nje.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimemwambia mshauri nilichogundua. Akatabasamu kwa upole na kunimiminia chai. Alikuwa anajua siku zote.

Jumatatu, 27 Oktoba

Presha imeshuka. Daktari anasema daftari linafanya kazi. Sitaki kumpa paka sifa.

Jumanne, 4 Novemba

Siku nzuri. Samahani alitoa sauti nyimbo zote nne, na ya mwisho hakungoja nimwashirie. Nilikuwa bado natafuta miwani yangu, nikasikia noti imeshatoka, kubwa, na kwaya imeshaingia. Miwani ilikuwa kichwani. Dereva alijua na hakuniambia. Sikumtoa nje.

Matroni amesema mashuka yanakauka haraka tukiimba. Nimemwambia ni upako. Akaniambia ni pumzi.

Jumatano, 12 Novemba

Ibada ya shukrani ni Jumapili ya mwisho ya mwezi. Watakuja wageni wa kanisa rafiki linalotusaidia kuendesha nyumba. Kila mwaka binti mmoja husimama mbele ya watu wote na kushuhudia: alikotoka, yaliyompata, na jinsi Mungu alivyomtoa. Mwaka huu mdogo wangu amemchagua Samahani.

Niliuliza kama amekubali. Amekubali, wakaniambia. Sikupenda, lakini nikajiambia labda najifanya najua.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo sitaweza kuandika kwa ufupi.

Samahani alisimama mbele, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Hewa tupu. Akajaribu tena. Hewa. Akasema samahani kwangu, kwa sauti ya kwanza, kwa sauti ya pili, kwa ndoo aliyoigusa kwa kisigino. Matroni akachungulia akasema ni mafua, apewe maji moto. Nikaifunga kwaya mapema.

Wengine walipotoka Dereva alibaki, amekunja mikono kifuani.

"Mama Kwaya, si mafua."

"Najua. Ni nini?"

"Hataki kushuhudia."

"Mbona alikubali?"

"Mama, yule hajui kusema hataki. Hana hilo neno. Tangu mambo ya ushuhuda yaanze halali. Anafua nguo ambazo nimeshazifua mimi." Sauti yake ikaanza kutetemeka, na mimi sikuwahi kumwona Dereva akitetemeka. "Nimemwambia nitasema kwa niaba yake. Amekataa. Tena hata kukataa hakukataa, amelia tu."

Nilimkumbatia. Ni mrefu kuliko mimi, ikabidi ainame. Kisha nikachukua mwavuli na kwenda ofisini kwa mchungaji, nikaingia bila kubisha. Huyu nilimbeba mgongoni akiwa na mafua ya kweli, sibishi hodi.

"Dada, presha yako," akasema aliponiona.

"Iache presha yangu. Huyu mtoto ulimwulizaje?"

"Nilimwambia, binti, tumekuchagua ushuhudie siku ya shukrani, sawa? Akasema sawa. Amekubali mwenyewe, dada. Na ni mfano mzuri, ametulia, ana adabu."

"Huyo ukimwambia abebe kanisa kichwani alivushe mto, atasema sawa, samahani, nililaze upande gani."

Alitaka kucheka akajizuia. Nikaketi. Nikamwambia nilichokiona: kiti, ndoo, nguo za kuanua. Nikamwambia habari ya noti iliyokuwa inatoka kubwa na sasa haitoki. Akaanza kunieleza kwamba ushuhuda unaponya, kwamba ameona watu wakifunguliwa kwa kusema. Ni kweli, mimi pia nimeona. Lakini waliofunguliwa walikuwa wameamua wenyewe kufungua mdomo.

"Wewe kila mwaka unahubiri habari za yule kipofu," nikamwambia. "Bwana Yesu alikuwa anaona kabisa kwamba mtu ni kipofu. Bado alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini, akangoja ajibu. Wewe umemwuliza nani?"

Akavua miwani. Mdogo wangu akivua miwani ujue amesikia.

"Aliyeshuhudia mwaka jana," akasema polepole, "hakuja kanisani mwezi mzima."

"Tulisema ni mafua."

"Tulisema ni mafua," akakubali.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mwishowe akasema atalifuta jina lake sasa hivi. Nikakaribia kusema ndiyo. Kisha nikafikiri: mtu mwingine tena ataamua juu yake, na yeye atasema sawa, samahani. Tukapatana hivi: siku ya shukrani hatasimamishwa, hilo limekwisha, kwa vyovyote. Lakini tumwachie muda aje aliseme mwenyewe akiweza. Mdogo wangu atamwuliza upya, vizuri, na asipoweza mpaka Jumamosi ya kuamkia ibada, atamwambia kwa upole kwamba amepumzishwa. Nimemwomba Mungu tusiwe tunakosea mara ya pili.

Jumanne, 18 Novemba

Siku zote tunapasha sauti kwa neno "aleluya". Leo nimelibadilisha. Nimewaambia tupande ngazi kwa neno "hapana".

"Hapana gani, Mama?" mmoja akauliza.

"Ya kawaida. Ha-pa-na. Panda nayo, shuka nayo. Mdomo ufunguke, hilo 'ha' litoke tumboni."

Waliona aibu kidogo mwanzoni. Kisha wakanogewa. Hapana nyororo, hapana nene, hapana ya sauti tatu, kuta zikaitikia. Dereva akaongeza ya kwake yenye madoido mwishoni. Matroni alikuja mbio na mwiko mkononi akidhani mabinti wamegoma. Nyuma yake mdogo wangu, amelowa mabega, anauliza kuna nini. Nikamwambia tunapasha sauti. Akaelewa, Mungu ambariki, akaketi kwenye karai lililogeuzwa akasikiliza.

Samahani alikuwa anachezesha midomo tu. Nilimwona.

Baada ya mazoezi mdogo wangu alimwita kando, mbele yangu, akamwuliza vizuri kama tulivyopatana. "Binti, nilikosea namna nilivyokuuliza. Unaruhusiwa kukataa, na hakuna atakayekasirika. Unataka kushuhudia au hutaki?"

Binti akaangalia sakafu. Akaangalia karai. "Nitashuhudia, Baba Mchungaji," akasema. "Samahani."

Nimelia jikoni. Nimemwambia Matroni ni moshi. Akaniambia jiko limezimwa tangu mchana, kisha akanipa leso yake.

Ijumaa, 21 Novemba

Tumepasha sauti kwa "hapana" tena, ngazi nzima. Kutoka kwake, hewa.

Jumanne, 25 Novemba

Mazoezi. Nimetoa sauti mimi. Vibaya.

Wakati wa hapana nilipita katikati ya mistari nikiwasikiliza. Kwake nilisikia kitu. Kidogo sana. Sikugeuka kumtazama, nikaendelea kutembea.

Alhamisi, 27 Novemba

Nilikuwa ofisini kwa mdogo wangu nashona kifungo cha joho lake la Jumapili. Yeye alikuwa anaandika mahubiri na kuguna. Mlango ukagongwa.

Ni Samahani, ameloa chepechepe. Akatuamkia, tukaitikia. Mdogo wangu akamwonyesha kiti. Nilingoja aseme samahani, nina maji. Akakiangalia kiti, akaiangalia sketi yake, akakaa.

"Ni kuhusu Jumapili," akasema.

"Ndiyo, binti."

Nilijichoma sindano kidoleni na sikusema kitu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe.

"Hapana," akasema.

Mdogo wangu akaweka kalamu chini.

"Sitaki kushuhudia. Yale mambo ni yangu. Siku nikitaka kuyasema, nitachagua mwenyewe wa kumwambia."

Mdogo wangu akafungua mdomo. Mdomo ule naujua, ulikuwa unakuja na "lakini". Nikakohoa. Akaufunga, akaufungua upya. "Sawa," akasema. "Asante kwa kuniambia."

Tukangoja. Nililiona lile neno linapanda kooni mwake, kama siku ile ya mashuka. Likafika juu. Akalimeza.

"Naweza kwenda?"

"Nenda, binti. Mungu akubariki."

Alipofungua mlango, Dereva, aliyekuwa ameweka sikio, nusura aanguke ndani. Wakaondoka mbio chini ya mwavuli mmoja wenye ubavu uliovunjika, wakipiga kelele ambazo Matroni angezikemea, na Matroni, aliyekuwa jikoni, hakuzikemea.

"Dada, wewe ndiye uliyemwambia aje?"

"Sikumwambia."

"Mshauri?"

"Wala. Amekuja mwenyewe."

Mdogo wangu akavua miwani akalia bila kuficha, na mimi nikalia, kisha nikainuka nimpe leso ya Matroni. Joho likainuka pamoja nami. Nilikuwa nimekishona kifungo pamoja na sketi yangu.

Jumapili, 30 Novemba

Wageni walifika wamelowa na wamefurahi. Kiongozi wao ni mama mmoja mwenye kofia pana ambayo iliwakosesha watu wa benchi la nyuma mahubiri. Ulipofika wakati wa ushuhuda, mdogo wangu akasimama akasema mwaka huu hakuna binti atakayeshuhudia, atashuhudia yeye. Akasema kwa ufupi kwamba Mungu amemfundisha kumwuliza mtu swali na kungoja jibu, hata kama jibu si alilolitaka. Akaketi. Sijawahi kumsikia akimaliza mapema hivyo.

Kisha sisi. Mvua ilikuwa kali juu ya mabati. Samahani akasimama mbele, akatoa noti, kubwa, safi. Sauti ya pili wakaingia chini. Ni mvua, hawakusikia vizuri. Mimi nilishaamua tuendelee hivyohivyo, maana mbele ya wageni mtu huendelea tu na kutabasamu.

Yeye akainua mkono. Kwaya ikakatika.

"Sauti ya pili mmeingia chini," akasema, kanisa zima linasikia. "Tunaanza tena."

Nikafumba macho nikilingojea lile neno. Halikuja. Ikaja noti, kubwa kuliko ya kwanza, na mabinti wakaishika wote. Jinsi walivyoimba siandiki, nitajisifu, na nimetoka kanisani sasa hivi.

Kwenye chai yule mama mwenye kofia alinisogelea. "Yule binti aliyesimamisha kwaya, yeye amepitia nini?"

"Yule ndiye anayetoa sauti," nikamwambia.

"Nauliza zamani, kabla hajaja hapa."

"Hiyo ni yake, mama yangu. Ongeza sukari."

Akanitazama. Kisha akacheka kidogo, akaongeza sukari, akaenda kumwambia binti kwamba wimbo umemgusa. Niliwaona kwa mbali. Binti alisema asante, akaishia hapo.

Jumanne, 2 Desemba

Mvua imekatika. Mashuka yako nje, chumba cha kufulia kimekuwa kikubwa ghafla. Fundi redio amekuja kusema kinanda kinaweza kupona. Nimemwambia asiharakishe.

Wakati tunatoa madumu nje, binti yule alikuwa amebeba karai limejaa nguo, haoni mbele, akanikanyaga mguu, ule wenye kidole kibovu. Niliruka.

"Samahani, Mama!" akasema.

Hiyo nimeipokea. Mguu ulikuwa unauma kweli.